Semina yako ya kwanza ya chama cha wafanyakazi: mwongozo kwa mwakilishi mpya

Uchaguzi wa matawi ukishaisha, maswali huanza. "Nimeitwa semina Moshi, mwajiri akininyima ruhusa nifanyeje?" "Siku zile nitalipwa mshahara?" "Niende na nini?" "Nikirudi niwaambie nini wenzangu?" Wanaouliza ni wahudumu wa hoteli za Arusha mjini, wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Usa River, vijana wa viwandani Unga Limited na Njiro. Majibu ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja, kwa mpangilio wa kuyafuata.

Jambo moja kwanza. Wenzako hawakukupigia kura ili upate cheti cha ushiriki. Wanamtaka mtu atakayeshika slipu ya mshahara na kusema "hapa umepunjwa, na hesabu yake ni hii". Kwa wanachama wengi chama ni fulana na kofia ya Mei Mosi. Wewe ndiye utakayewaonyesha kuwa ni zaidi ya hapo, na kazi hiyo huanza kabla hujapanda gari.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Barua ya mwaliko kutoka ofisi ya chama ya mkoa au kanda, yenye jina lako, tarehe na mahali.
- Nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Namba za vifungu nilizotaja humu ni za sheria hiyo. Ukipewa toleo jipya lililofanyiwa marekebisho, hakiki namba kabla ya kuiandika kwenye barua.
- Katiba ya chama chako, na mkataba wa hali bora (makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri) kama tawi lenu linao.
- Slipu zako za mshahara za miezi mitatu, na za wenzako wawili watatu waliokubali. Funika majina na namba za akaunti kabla ya kutoa kopi.
- Kaunta buku moja na kalamu mbili. Usitegemee karatasi za ukumbini, hupotea.
- Kitambulisho, simu yenye salio, na sweta. Anayetoka Tanga kuja Arusha mwezi Julai ataelewa kwa nini nimelitaja sweta.

Hatua ya 1: Soma mwaliko mpaka mwisho

Tafuta mistari inayosema nani analipa nauli, chakula na malazi, na mafunzo yanaanza saa ngapi. Kama haisemi, mpigie katibu wa chama wa mkoa leo hii, usisubiri ufike. Watu huja wakidhani watalala hotelini, kumbe mwaliko ulikuwa wa kwenda na kurudi kila siku. Arusha na Moshi si mbali, kama kilomita 80 hivi, ila ukiishi Sakina na semina inaanza saa mbili asubuhi Moshi, inabidi uwe njiani alfajiri kila siku.

Hatua ya 2: Omba ruhusa kwa maandishi

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kifungu cha 63 kinamtaka mwajiri ampe mwakilishi wa chama ruhusa yenye malipo kwenda kwenye mafunzo yanayohusiana na kazi yake ya uwakilishi. Hii siyo likizo yako ya mwaka ya siku 28, na haitakiwi kukatwa humo. Sheria haikutaja idadi ya siku, imesema muda unaofaa, na ndiyo maana unahitaji kuomba vizuri badala ya kutoa amri. Peleka barua wiki mbili kabla ikiwezekana. Kwa hoteli, epuka kuomba siku tano nzima mwezi Agosti wageni wakiwa wamejaa. Kwa shamba la maua, wiki za kuelekea Siku ya Wapendanao, Februari 14, kila mkono unahitajika. Kama chama kimepanga semina kipindi hicho, mwambieni katibu mapema abadilishe. Nao wanajifunza kutoka kwenu.

Barua isiwe ndefu. Mfano:

*YAH: RUHUSA YA KUHUDHURIA MAFUNZO YA WAWAKILISHI WA CHAMA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwakilishi wa chama katika idara ya jikoni. Nimealikwa kwenye mafunzo ya wawakilishi yatakayofanyika Moshi kuanzia tarehe … hadi tarehe … Kwa mujibu wa kifungu cha 63 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, naomba ruhusa yenye malipo kwa siku hizo. Nimekubaliana na mwenzangu … kushika zamu yangu. Barua ya mwaliko imeambatishwa.*

Ule mstari wa zamu ndio unaomlainisha meneja kuliko kifungu chochote. Toa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa au iandikwe jina, tarehe na saini ya aliyeipokea, kisha urudi nayo.

*Angalizo:* ruhusa ya mdomo siyo ruhusa. "Wewe nenda tu, nimekuelewa" ya msimamizi inaweza kugeuka "mtoro" msimamizi huyo akihamishwa zamu. Na usiondoke bila majibu kwa kuwa sheria iko upande wako. Ukinyamaziwa, soma sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Hatua ya 3: Kusanya maswali ya wenzako

Wiki ya kuelekea semina, pita idara kwa idara wakati wa chai. Usiulize "mna matatizo gani?" kwa sababu utajibiwa "mshahara mdogo" na mazungumzo yataishia hapo. Uliza kitu kinachoshikika: mwezi uliopita ulibaki kazini saa ngapi za ziada, na ulilipwa ngapi? Mkataba wako wa ajira uko wapi, unao nyumbani? Michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, imefika ukiangalia taarifa yako? Sikukuu ya juzi ulifanya kazi, ulilipwaje?

Andika majibu kwenye kaunta buku, idara moja ukurasa mmoja. Waulize hasa walinzi wa usiku, wafua nguo, na wanaofanya vibarua. Mikutano hupangwa muda ambao wao wako zamu au wamelala, kwa hiyo sauti zao hazisikiki mpaka mtu awafuate.

Utaulizwa pia: "Kaka, hizo ada tunazokatwa zinaenda wapi?" Usikasirike, wala usibuni jibu. Liandike kama swali la kwanza la kumuuliza katibu wa mkoa ukumbini, mbele ya watu.

Hatua ya 4: Panga nyumbani

Mwambie mwenza wako tarehe na mahali, acha hela ya matumizi. Mama mwenye mtoto anayenyonya amuulize mwandaaji mapema kama anaweza kuja na msaidizi wa kumshika mtoto. Kuuliza hivyo ni haki yako, na vyama makini hutenga fungu la hilo.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza

Fika mapema, jaza fomu ya mahudhurio, soma ratiba. Kaa mbele au katikati, na usikae na watu wa kazini kwenu. Mtu wa shamba la maua akikaa na mtu wa hoteli na mwingine wa kiwandani, mnajifunza hata wakati wa chakula.

Kuhusu posho, nitasema wazi. Kuna washiriki hutumia nusu ya siku ya kwanza kunong'onezana ni shilingi ngapi na itatoka lini. Mwulize mwandaaji mara moja, asubuhi, upate jibu, ufunge mjadala. Soma unachosaini: kiasi kilichoandikwa kwenye fomu ya malipo kiwe ndicho ulichopokea mkononi. Kikitofautiana, usisaini.

Weka simu kimya na usirekodi wenzako wanapoeleza kesi zao. Mtu anayesema "msimamizi wetu anatutukana" akijiona kwenye kundi la WhatsApp jioni, hatafungua tena mdomo.

Hatua ya 6: Tumia kazi za vikundi kwa slipu halisi

Mwezeshaji atawagawa kwenye vikundi, mpewe bango kitita na kalamu za wino mzito. Mara nyingi swali huwa la jumla, kama "Tajeni changamoto mahali pa kazi". Baada ya kulijibu, omba kikundi kifanye hesabu ya slipu moja. Ukitoka semina nzima na ujuzi huu peke yake, umefaidika.

Hesabu ya saa za ziada ni hivi. Tuseme mshahara wa msingi ni sh. 260,000 kwa mwezi, na saa za kawaida ni 45 kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha kisheria. Jedwali la Kwanza la sheria linakutaka uzidishe 4.333, yaani wastani wa wiki katika mwezi, kwa saa za wiki. 4.333 × 45 ni kama 195. Gawa mshahara: 260,000 ÷ 195 = sh. 1,333 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, yaani sh. 2,000. Aliyefanya saa 20 za ziada mwezi huo anadai sh. 40,000 juu ya mshahara wake.

Sasa fungua slipu. Ukikuta sh. 26,660, ujue alilipwa kwa bei ya saa ya kawaida, 20 × 1,333, ile nusu ya juu haikuwekwa. Ukikuta tarakimu ya mviringo isiyobadilika kila mwezi, kwa mfano sh. 15,000, hiyo imekadiriwa bila kuhesabu saa. Haya ni makosa mawili tofauti, na unapokwenda ofisini unataja lipi ni lipi.

Endelea na ya usiku. Kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa, kwa kila saa ya usiku. Kwa mshahara ule ule ni kama sh. 67 kwa saa. Inaonekana ndogo, lakini mlinzi anayefanya saa 8 za usiku kwa siku 26 anadai karibu sh. 13,900 kila mwezi, na kwa mwaka inazidi sh. 166,000. Kazi ya siku ya sikukuu hulipwa mara mbili.

*Angalizo:* tumia mshahara wa msingi, siyo jumla ya chini ya slipu. Posho ya nyumba au usafiri ikiingia kwenye hesabu, mwajiri atakukosoa mbele ya wenzako na hoja nzima itapoteza uzito. Angalia pia saa zenyewe: za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne, hata mfanyakazi akizitaka.

Hatua ya 7: Hakikisha haya yameingia kwenye kaunta buku

Mwezeshaji anaweza kuongea mengi kuhusu historia ya harakati, toka mashirikisho ya zamani ya wafanyakazi, TFL ya 1955 na NUTA ya 1964, hadi TUCTA, shirikisho la vyama la leo. Isikilize, ni historia yetu. Ila usitoke bila haya, hata kama itabidi umfuate wakati wa chai:

- Siku 30 za kufungua shauri la kuachishwa kazi isivyo halali kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Migogoro mingine ni siku 60. Fomu ni CMA F1. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda kwa CMA F2, na lazima awe na sababu nzito. "Nilikuwa nasubiri meneja anirudishe" mara nyingi haitoshi.
- Kikao cha nidhamu: mfanyakazi apewe taarifa ya maandishi na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aingie na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake.
- Fomu TUF 6 ndiyo inayomruhusu mwajiri kukata ada. Ada ikikatwa inatakiwa ifike kwenye chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Mwanachama anayetaka kujitoa huandika notisi ya mwezi mmoja, naye asizungushwe.
- Idadi ya wawakilishi: wanachama 1 hadi 9, mwakilishi mmoja; wanachama 10 hadi 20, wawakilishi watatu; wanachama 21 hadi 100, wawakilishi kumi; zaidi ya 100, wawakilishi kumi na watano, na wasiopungua watano kati ya hao kumi na watano wawakilishe wanawake. Linganisha na tawi lenu.
- Mgomo. Hili nalisisitiza kwa sababu semina hutia moto. Mgomo halali ni wa mgogoro wa maslahi, yaani wa kudai kitu kipya kama nyongeza ya mshahara, siyo haki ambayo tayari iko kwenye sheria au mkataba, uliopelekwa kwenye usuluhishi ukashindikana, ukapigiwa kura kwa mujibu wa katiba ya chama, na notisi ya saa 48 ikatolewa. Malipo yaliyopunjwa ni lalamiko la kisheria, linakwenda CMA na mahakamani, siyo kwenye mgomo. Mwakilishi anayerudi Jumatatu na kuwaambia watu "kesho hatuingii" anawaweka wenzake kwenye hatari ya kufukuzwa, na wao ndio watakaolipa.

Hatua ya 8: Andika mpango kazi mdogo

Mwisho wa semina mtaombwa mpango kazi. Usijaze mambo kumi. Andika matatu, kila moja na tarehe na jina la mtu. Mfano: kukagua slipu za walinzi wote wa usiku ifikapo tarehe 30, kuwaandikisha wapya watano wa idara ya usafi, kuomba kikao na mwajiri kuhusu saa za ziada. Mpe katibu nakala, umwombe akupigie tarehe hiyo ikifika.

Hatua ya 9: Toa mrejesho ndani ya siku saba

Andaa mrejesho wa dakika ishirini. Anza na maswali uliyotumwa, moja baada ya jingine: hili jibu lake ni hili, hili bado nalifuatilia. Kisha fanya ile hesabu ya saa za ziada ubaoni au kwenye karatasi kubwa, kila mtu afanye ya kwake kwa simu. Utaona watu wanavyonyamaza wakibonyeza tarakimu, halafu mmoja anasema namba yake kwa sauti. Kuanzia hapo hawahitaji hotuba.

Usigawe kopi za slipu za watu. Usiahidi "tutalipwa". Sema utakachofanya na lini.

Ukikwama

*Barua haijajibiwa na zimebaki siku tatu.* Andika ya kukumbushia, ambatisha ile iliyogongwa muhuri, na mwombe katibu wa mkoa ampigie mwajiri mwenyewe. Ikikataliwa kabisa, omba sababu kwa maandishi, usiende, na mpelekee katibu karatasi zote. Atalishughulikia kama ukiukwaji wa haki za chama, wewe ukiwa salama kazini.

*Umerudi, ukakuta siku zimekatwa kwenye likizo au mshahara.* Andika barua ya kuomba marekebisho, ukitaja ruhusa uliyopewa. Malalamiko ya mdomo kwa mhasibu huchukua miezi.

*Makabrasha yote ni ya Kiingereza.* Sema ukumbini, usione haya. Ukiwa wewe hujaelewa, kuna wengine kumi. Omba mwezeshaji afafanue kwa Kiswahili, na muombe katibu mwakani waandae ya Kiswahili.

*Ofisi inataka ripoti ya mlichojadili.* Wape barua fupi inayosema umehudhuria, tarehe, na mada za jumla. Majina na kesi za washiriki wengine si mali ya mwajiri wako.

*Unaitwa kujieleza wiki moja baada ya kurudi.* Ipokee barua, isome, usijibu kwa hasira palepale. Piga picha barua hiyo, mtumie katibu siku hiyo hiyo, na jibu kwa maandishi ndani ya muda uliopewa, kuhusu tuhuma iliyotajwa tu. Sheria haitambui uanachama wala shughuli halali za chama kama sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi, lakini utahitaji kumbukumbu zako za zamu na ile ruhusa yenye muhuri ili kuthibitisha kilichotokea.

*Wenzako wanasema umeshanunuliwa, umekula posho.* Waambie ulipewa kiasi gani na ulikitumiaje. Kisha wape tarehe ya kikao kuhusu saa za ziada, na uwaombe wachague wawili wa kuingia pamoja nawe.

*Zamu zinagongana, mkutano haukai.* Fanya mitatu midogo: wanaotoka usiku saa 12 asubuhi, wa mchana wakati wa chakula, wa jioni kabla ya kuingia. Andika kila aliyehudhuria na kila swali jipya. Chama kinachotambuliwa rasmi hapo kazini, mwajiri anatakiwa kukipa nafasi na vifaa vya kiasi kwa shughuli zake, kwa hiyo omba chumba cha chakula kwa barua, taja muda mfupi na sehemu isiyoingiliana na kazi. Kama bado jibu ni hapana, katibu wa mkoa ana haki ya kuingia kukutana na wanachama, na barua hiyo ataiandika yeye.